Mwanangu amevishwa shati jekundu chuoni. Ni adhabu?

Shangazi, salamu nyingi kutoka Kentucky.

Mimi ni mama wa watoto sita, mzaliwa wa Uvira, Kongo. Tulikaa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, kule Kigoma, miaka 11, ndipo tukaletwa Marekani mwaka 2016. Mwanangu wa tatu alifika hapa ana miaka 10, anacheza mpira wetu wa kawaida, golikipa. Alipoingia darasa la tisa kocha mmoja akautazama mwili wake, akamwita kwenye futiboli yao, ile ya kofia ngumu na mabega ya plastiki. Mimi sikuielewa na mpaka leo siielewi. Najua tu kwamba mwanangu ni wa wale wanene wa mbele wanaomkinga mrusha mpira asiangushwe.

Mwaka huu wa 2025 akapata ufadhili kamili wa chuo kikuu, jimbo jingine, saa sita kwa gari. Tulichinja mbuzi, kanisa zima likala.

Septemba akacheza mechi mbili, dakika za mwisho tu. Kisha akapiga simu: "Mama, kocha amesema mwaka huu mimi ni redshirt." Binti yangu akanitafsiria kwamba ni shati jekundu. Nikashtuka. Kwenye mpira ninaoujua, mtu akionyeshwa nyekundu anatolewa nje. Yeye anasema si adhabu, mazoezi anafanya kila siku, anakula mara tano, ila siku ya mechi anasimama pembeni. Zaidi ya hapo hanielezi. Sijui hajui au hataki.

Kila mtu hapa ana lake. Jirani yetu anasema shati hilo huvishwa walioanguka masomo. Mwenzangu kazini anasema ukikanyaga uwanja hata mara moja mwaka wako umeliwa, kwa hiyo mwanangu anadanganywa. Shemeji yangu naye ana mpango wake: kwa kuwa mwaka hauhesabiwi, mtoto asimamishe masomo Januari, aje tufanye naye kazi ghalani, arudi Agosti akute miaka yake iko vile vile. Anasema pia wenzake wote wanalipwa, wetu tu ndiye anakaa bure.

Nilipiga simu chuoni niulize alama zake. Wakanijibu hawaruhusiwi kuniambia. Mimi niliyemzaa!

La mwisho, Shangazi, na ndilo lililonifanya niandike usiku huu. Wiki iliyopita vijana wawili wa safu yake wameumia. Anasikia huenda ataitwa kucheza. Ananiuliza, "Mama, wakiniita nikatae?" Sikuwa na jibu. Na Jumapili wamama kanisani wananiuliza mbona hatumwoni kwenye televisheni. Niwaambie nini?

Mama wa Kentucky

*

Mama wa Kentucky,

Nianze na la usiku: akiitwa wiki hii, asikatae. Acheze. Kwa nini, tutafika. Kwanza tuliweke sawa hilo shati, maana wote watatu waliokushauri wameshika kipande cha ukweli, na kipande cha ukweli kinapotosha kuliko uongo mzima.

Chama kinachosimamia michezo ya vyuo, NCAA, kinampa mchezaji wa vyuo vya daraja la kwanza, kundi la juu, misimu 4 ya kucheza, na kinampa miaka 5 ya kuimaliza. Miaka hiyo 5 huanza kuhesabiwa siku mtoto anaposajiliwa chuoni kama mwanafunzi wa muda wote, na ikishaanza haisimami. Umekaa Nyarugusu, kwa hiyo utanielewa nikisema hivi: una ndoo nne, kila moja hujaa kwa saa moja, na bomba liko wazi kwa muda wa saa tano tu. Kwa saa moja unaweza kukaa bila kuchota na bado ukajaza ndoo zako zote nne. Lakini kukaa kwako hakumzuii mwenye bomba kufunga.

Shati jekundu ni ile saa moja ya kukaa. Mwanangu (niruhusu nimwite hivyo) ameanza Agosti 2025. Akiutunza msimu huu, anaweza kucheza 2026, 2027, 2028 na 2029. Akiutumia, anacheza 2025 mpaka 2028, na vuli ya 2029 hana msimu hata kama bado yuko darasani. Anachotunziwa ni msimu. Mwaka wenyewe unakwenda kama kawaida, na ufadhili wake unakwenda nao: analala, anakula na anasoma kama wenzake wanaocheza.

Jina lenyewe halina uhusiano na kadi za refa. Husimuliwa kwamba mwaka 1937 kijana wa chuo cha Nebraska, Warren Alfson, aliona hayuko tayari, akaomba afanye mazoezi mwaka mzima bila kucheza mechi, na mazoezini akawa anavaa shati jekundu lisilo na namba. Aliomba mwenyewe.

Sasa mwenzako wa kazini. Anayoisema ni kanuni iliyokuwepo kweli. Zamani kuingia uwanjani mara moja kulitosha kuumaliza msimu, usipoumia. Mwaka 2018 kanuni ya futiboli ikabadilishwa: mchezaji anaruhusiwa kucheza mpaka mechi 4 na msimu wake bado ukabaki. Si lazima zifuatane. Anaweza kucheza mbili Septemba na mbili Novemba. Ila mechi ni mechi. Akiingia uwanjani kwa sekunde sita tu, imehesabiwa nzima.

Kwa hiyo hesabu ya mwanao leo ni mbili zimetumika, mbili zimebaki. Ndiyo maana nikasema akiitwa aende. Kukataa wakati una mechi mbili za bure mfukoni ni kumwonyesha kocha mgongo bila faida yoyote.

Na kuna jambo ambalo vijana wengi huligundua wamechelewa: hakuna karatasi. Wewe unaweza kufikiri chuo kimejaza fomu, kimepiga muhuri, mwanao sasa "ni" shati jekundu. Hakuna. Kocha amesema nia yake tu. Nia ya Septemba na majeruhi wa Novemba ni vitu viwili. Mechi ya tano ikichezwa, shati limevuliwa na hakuna wa kumlalamikia, kwa sababu kanuni imefuatwa.

Kwa hiyo swali halisi halipo kwenye mechi ya tatu wala ya nne. Liko kwenye ya tano, na mazungumzo yake yafanyike sasa, kichwa kikiwa kimetulia, si Jumamosi asubuhi kocha akiwa amepungukiwa watu. Aende ofisini kwa kocha wa safu yake, aseme hivi kwa adabu: "Kocha, nimecheza mbili. Zikifika nne, mpango ni upi?" Kocha mzuri hakasiriki kwa swali hilo. Anaheshimu kijana anayejua hesabu zake.

Ukitaka maoni yangu: kwa kijana wa miaka 19 wa safu ya mbele, mechi ya tano ina maana kama anaingizwa awe wa kuanza mpaka msimu uishe. Kama ni kuingia dakika tatu za mwisho timu imeshashinda, ni kuuza ng'ombe kwa bei ya kuku. Watu wa nafasi yake ndio hasa hutunzwa mwaka wa kwanza. Mrusha mpira anaweza kuwa mwembamba na akafaulu. Yeye anasimama mbele ya mwanamume wa miaka 22 mwenye kilo zaidi ya 130, na mwili wa kupambana na huyo unahitaji mwaka wa vyuma na chakula. Kula mara tano si ulafi, mama. Tangu 2014 vyuo vya daraja la kwanza vimeruhusiwa kuwalisha wachezaji bila kikomo, na shati jekundu ndilo shati la kula.

Utasikia habari za vijana waliogoma kufikisha mechi ya tano. Kelly Bryant wa chuo cha Clemson, mwaka 2018, aliondoka baada ya mechi nne alipopokonywa nafasi, msimu uliofuata akacheza Missouri. Matthew Sluka wa chuo cha UNLV, Septemba 2024, aliondoka baada ya mechi tatu kwa mgogoro wa pesa. Wote wawili walikuwa warusha mpira wakubwa, wenye misimu nyuma yao na vyuo vinavyowasubiri. Mtoto wa mwaka wa kwanza akiwaiga, anayebaki bila chuo ni yeye.

Jirani yako naye hajakosea kabisa. Kuna shati jekundu la masomo. Anayeingia daraja la kwanza anatakiwa awe na wastani wa alama 2.3 katika masomo 16 ya msingi ya sekondari. Mwenye kati ya 2.0 na 2.3 hupokelewa, hupewa ufadhili, hufanya mazoezi, lakini mwaka wa kwanza haruhusiwi kugusa mechi. Wewe mwenyewe umenipa jibu bila kujua: mwanao amecheza mbili. Angekuwa na tatizo hilo asingecheza hata moja. Mwambie jirani, kwa upole.

Shemeji yako sasa. Huyu ndiye wa kusimamisha, na usimcheleweshe.

Akiacha masomo Januari, bomba halifungwi kumsubiri. Miaka mitano inaendelea kuhesabika akiwa ghalani anapanga maboksi. Zipo sababu chache zinazokubaliwa kurefusha muda, kama jeshi au utume rasmi wa kanisa. Ukiona timu ya chuo cha BYU kule Utah ina wanaume wa miaka 24 wenye wake nyumbani, ni kwa sababu wengi wao walikwenda utume wa Wamormoni miaka miwili. Kazi ya ghala haimo. Tena asiyesajiliwa kwa muda wote hafanyi mazoezi na timu, na ufadhili unakatika. Atarudi Agosti kwa nani?

Halafu kuna kanuni ambayo shemeji hawezi kuijua. Mchezaji wa futiboli anatakiwa afaulu krediti 9 (vipimo vya masomo ya chuo) katika muhula wa vuli, huu tulio nao. Asipofikisha, msimu ujao anakosa mechi nne za kwanza. Kabla ya kuanza mwaka wa pili awe na krediti 24. Akiingia mwaka wa tatu awe ameshamaliza asilimia 40 ya shahada yake, wa nne asilimia 60, wa tano asilimia 80. Shati jekundu halisamehi hata krediti moja. Nimewaona vijana wakifikiri kwamba kwa kuwa mechi hazihesabiwi, na darasa nalo halihesabiwi. Wanaamka Desemba.

Na hapa ndipo ningependa ukazane na mwanao kuliko kwenye habari za uwanjani: mwaka wa tano ataufanyia nini? Joe Burrow, mrusha mpira, aliingia chuo cha Ohio State 2015, akakaa shati jekundu mwaka wa kwanza, miaka miwili iliyofuata akacheza kidogo sana. Lakini darasani hakukaa benchi. Kufikia 2018 alikuwa na shahada mkononi na misimu miwili haijaguswa. Akahamia chuo cha LSU, na mwaka 2019 akabeba Heisman, tuzo ya mchezaji bora wa vyuo vyote. Sikuambii wako atabeba Heisman, tena watu wa safu ya mbele hawapewi hata wakibeba uwanja mzima mgongoni. Nakuambia kijana mwenye shahada na misimu iliyobaki anachagua. Asiye na shahada anachaguliwa. Mwanao akipanga masomo vizuri anaweza kumaliza shahada miaka minne, na huo wa tano akaanza ya uzamili kwa pesa ya chuo. Aketi na mshauri wa masomo wa timu kabla ya Januari, wapange miaka yote mitano kwenye karatasi moja.

Wala asidhani mwaka huu unamchelewesha ligi ya kulipwa, kama ndoto hiyo ipo. NFL inahesabu miaka mitatu tangu amalize sekondari, haiangalii shati.

Kuhusu simu uliyopiga: usiwachukie. Sheria ya nchi inasema mtoto akishaingia chuoni, kumbukumbu za masomo ni mali yake, na kwa kawaida mzazi haonyeshwi bila idhini yake. Ila kijana anaweza kusaini fomu ya kukuruhusu. Kila chuo kinayo. Mwombe kama mama, usimwamuru: "Mwanangu, nataka tuangalie pamoja." Wakati huo huo akuletee barua ya ufadhili. Isomeni nyote wawili, mtafute neno moja: ni wa mwaka mmoja au wa miaka kadhaa? Kama ni wa mwaka mmoja na chuo hakitaki kuuendeleza, kinatakiwa kumjulisha kwa maandishi kabla ya tarehe 1 Julai, na kumpa nafasi ya kusikilizwa. Weka tarehe hiyo kwenye kalenda ya jikoni.

Nitakuwa mwongo nikikuambia hakuna la kuogopa. Juni 2025 mahakama ilipitisha makubaliano makubwa kati ya wachezaji na NCAA, na vyuo vilivyoyakubali sasa vina kikomo cha wachezaji 105 wa futiboli. Zamani timu ingeweza kubeba zaidi ya hapo, na kijana wa shati jekundu akakua taratibu kama muhogo, hakuna anayemhesabu. Siku hizi anakalia kiti kimoja kati ya 105, na kocha anatamani kiti. Mwaka wa kutunzwa umekuwa pia mwaka wa kupimwa, vyumani na mazoezini. Kijana wako ajue anatazamwa hata asipotajwa.

Makubaliano hayo hayo ndiyo yanayomsumbua shemeji kwenye habari ya malipo. Ni kweli, vyuo hivyo sasa vinaweza kuwagawia wachezaji wa michezo yote mpaka dola milioni 20.5 kwa mwaka wa kwanza, 2025-26, na tangu Julai 2021 mchezaji anaweza kulipwa kwa kutumia jina na picha yake. Lakini hakuna kanuni inayosema kila mmoja apate, na wengi wa mwaka wa kwanza wanaokaa pembeni hupata kidogo au hawapati. Hapa mna bahati moja. Vijana wanaotoka Nairobi au Dar kwa viza ya mwanafunzi wanabanwa sana na masharti ya kazi, fedha hizo ni hatari kwao. Mlioletwa kama wakimbizi mkapata grinikadi au uraia hamna kizuizi hicho. Ila mtu akimletea mkataba, asisaini chumbani usiku. Apeleke kwanza ofisi ya kanuni ya idara ya michezo, na akumbuke kodi.

Ofisi hiyo ya kanuni ndiyo rafiki yenu kuliko mimi. Mambo haya yanabadilika kila mwaka. Diego Pavia, mrusha mpira wa Vanderbilt, alikwenda mahakamani kudai miaka aliyocheza chuo kidogo cha miaka miwili isihesabiwe, na Desemba 2024 jaji akampa nafasi ya kucheza tena. NCAA ikalazimika kuwapa na wengine wa hali kama yake ruhusa ya mwaka mmoja. Kwa hiyo mjomba yeyote anayeanza na "mimi nilipokuwa nacheza" msikilizeni kwa heshima, kisha mkaulize ofisini. Mwanao aende mwenyewe na swali moja: "Rekodi yenu inaonyesha nimecheza mechi ngapi?" Wakimjibu mbili, mnasoma kitabu kimoja. Na akiumia vibaya, Mungu apishe mbali, aulize hapo hapo juu ya ruhusa ya majeruhi. Hiyo ina fomu, ina ushahidi wa daktari, na haiangalii hizi mechi nne kwa namna ile ile.

Wamama wa kanisani nimewaacha mwisho kwa sababu nao ni watu wagumu kuliko NCAA. Waambie Johnny Manziel wa Texas A&M alikaa shati jekundu mwaka 2011, na 2012 akabeba Heisman. Jameis Winston wa Florida State alikaa 2012, akabeba 2013. Wakiguna kwamba hawawajui hao, watajie Tshimanga Biakabutuka, mzaliwa wa Kinshasa, aliyeichezea Michigan mwaka 1995 akakimbia na mpira yadi 313 kwa mechi moja dhidi ya Ohio State. Habari yake haihusiani na shati jekundu hata kidogo. Lakini ni Mkongomani, na nina hakika watanyamaza mpaka Jumapili ijayo.

Shangazi